Namba ya umri kwenye jalada imeniponza. Mnachaguaje vitabu vipya vya maktaba ya shule?

FunguoZaMaktaba (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Muhula uliopita aliyekuwa na funguo za maktaba ya shule alistaafu, mkuu wa shule akatazama ratiba nani ana vipindi vichache, zikaniangukia mimi. Ukutubi sijasomea hata siku moja. Watoto wetu ni wa miaka 6 hadi 14, wote wanapita mlango mmoja na kupangua rafu zilezile.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuagiza vitabu vya ziada. Nikaletewa orodha, kila kitabu kina mistari miwili ya maelezo na umri pembeni. Nikaona kazi nyepesi: vya 6–8 nikachukua, vya 8–11 nikachukua, vya 12 kwenda juu nikachukua, nikajumlisha hesabu, nikatuma. Vilipofika nikagonga mihuri, nikabandika namba migongoni, nikavipanga. Sikusoma hata kimoja. Nasema ukweli.

Wiki ya pili mama wa mwanafunzi mmoja akaja na kitabu, kidole chake kimeshikilia ukurasa wa 74. Jalada lina msichana na paka juu ya ukuta, rangi za kupendeza, umri 8–11. Akaniambia, "Mwalimu, naomba unisomee hapa, kwa sauti." Nikaanza. Msichana amejificha chini ya kitanda, chumba cha pili baba anampiga mama, na yeye anahesabu vipigo. Anahesabu mpaka tisa. Mimi nilisoma mpaka cha nne nikanyamaza. Yule mama akasema, "Wangu ana miaka minane. Jana usiku ameniuliza kama baba yake naye atafika tisa."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Nikaenda nacho nyumbani nikakisoma chote. Wakuu, kitabu ni kizuri, na hapo ndipo penye shida. Kingekuwa kibovu ningekiondoa nikalala usingizi wangu. Lakini nawajua wanafunzi wawili, wa miaka 12 na 13, ambao naamini kingewafaa kuliko ushauri wowote nitakaowapa.

Sasa nimepewa fungu jingine la pesa na orodha ya vitabu 40 ipo mezani. Wajuzi nisaidieni: umri mnaupimaje? Maudhui yanakuwa mazito kupita kiasi yakifika wapi? Na mzazi akija na kidole ukurasani, unamjibu nini?

---

KobeMwendokasi

Ngoja waje wenye fani yao, mimi natia nanga hapa. Enzi zetu maktaba ya shule ilikuwa kabati lenye kufuli. Vitabu vilikuwa safi ajabu, maana hakuna aliyevigusa.

---

BibiRafu

Pole mwanangu. Nimekaa maktaba za shule miaka zaidi ya thelathini kabla ya kupumzika, na mimi nina ukurasa wangu wa 74. Ninao kadhaa.

Ulichokosea ni kutumia namba moja kupimia vitu viwili. Kuna ugumu wa lugha na kuna uzito wa maudhui, na hivi viwili havitembei pamoja. Kitabu chako cha paka kina lugha ya mtoto wa miaka 8: sentensi fupi, maneno ya kila siku. Maudhui yake ni ya miaka 12. Aliyeweka 8–11 jaladani huenda aliangalia lugha, akaangalia paka, akamaliza.

Namba ile huwekwa na mchapishaji, na humsaidia zaidi muuza vitabu kujua akiweke wapi. Mwaka 2008 wachapishaji wa Uingereza walipotaka kuchapa umri kwenye majalada ya vitabu vya watoto, waliowapinga walikuwa waandishi wenyewe, Philip Pullman akiwa mstari wa mbele. Walijua kwamba mtoto wa miaka 11 anayesoma polepole hatakishika mbele ya wenzake kitabu kilichoandikwa kwamba ni cha wa miaka 7, hata kama ndicho anachokiweza na kukipenda.

Halafu kuna zile fomula za kupima usomekaji. Nyingi huhesabu urefu wa sentensi, pamoja na urefu wa maneno au mara ngapi neno hutumika. Kwa hesabu hiyo riwaya za Hemingway, mwandishi wa Marekani, zenye vita na ulevi, zinaweza kutoka na alama ya mtoto wa shule ya msingi kwa sababu tu jamaa aliandika sentensi fupi. Kwa Kiswahili mambo yanaharibika zaidi. "Wamekwishatusomea" ni neno moja lenye silabi nane, na mtoto wa miaka 6 analielewa bila kukunja uso. "Dhana" ina silabi mbili, muulize huyohuyo. Fomula iliyotengenezwa kwa Kiingereza ukiileta kwetu itakuambia neno la kwanza ni mlima na la pili ni tambarare.

Kwa hiyo nilikuwa na kadi ndogo kwa kila kitabu kipya, mistari miwili. Wa juu: lugha, umri. Wa chini: maudhui, umri. Namba zikikaribiana, kitabu hakina ugomvi. Zikipishana kwa miaka mitatu au zaidi, hicho lazima nikisome chote kabla hakijagongwa muhuri.

---

FunguoZaMaktaba

Shikamoo Bibi. Hapo kwenye mistari miwili umenifungua macho. Swali la haraka: hivi vinavyopishana si bora niviache kabisa, niepuke kesi?

---

BibiRafu

Marahaba. Ukiviacha utawanyima watoto wawili tofauti.

Wa kwanza ni mkubwa anayesoma kwa shida. Niliwahi kuwa na kijana wa miaka 13, mrefu kuliko mimi, kila mapumziko anakaa kona ileile na atlasi kubwa wazi mbele yake. Nikasema huyu atakuwa nahodha. Siku moja nikapita nyuma yake: ndani ya atlasi kuna kitabu cha picha cha wadogo, sungura na kobe, na anasoma huku akifuata mstari kwa kidole. Alipoona kivuli changu akafunga atlasi kwa nguvu hata karatasi ikachanika. Mtoto kama yule anahitaji lugha ya miaka 8 na maisha ya miaka 13: mpira, mapenzi yanayoanza, ndugu aliyefungwa, kazi ya kwanza. Vitabu vya namna hiyo huandikwa kwa makusudi, na kila maktaba ya shule iwe navyo rafu nzima. Visifanane kwa sura na vya wadogo. Herufi za wastani, jalada la kikubwa, mhusika wa umri wake au zaidi. Watoto hupenda kusoma habari za aliyewatangulia mwaka mmoja au miwili. Wa kuwarudisha nyuma hawamtaki.

Wa pili ni kinyume chake: ana miaka 7, anasoma kama wa miaka 12. Wazazi wake wanajivuna na mwalimu wake anajivuna, kila mtu anampa vitabu vya vijana. Maneno anayaweza yote, lakini hajaishi vya kutosha kujua kwa nini yule dada kwenye hadithi analia. Mpe vya maarifa: nyota, wadudu, mashine, safari. Huko anaweza kupanda atakavyo.

---

MzaziMkali

Kwa heshima zote Bibi, mimi sikubaliani. Shule ni shule. Kipigo, ulevi, mapenzi, matusi, vyote vibaki nje ya geti. Mtoto akikua atakutana navyo, haraka ya nini? Yule mama wa ukurasa wa 74 angekuwa mimi, mwalimu angeniona kila asubuhi mpaka kile kitabu kichomwe.

---

MwalimuWaChaki

Mkuu MzaziMkali, swali dogo tu. Kwenye darasa la watoto 45, unadhani ni wangapi tayari wanahesabu vipigo chini ya kitanda bila kitabu chochote kuwafundisha?

---

MzaziMkali

Sikatai kwamba wapo. Nasema wangu hayumo, na sitaki aingizwe kwa mlango wa maktaba.

---

BibiRafu

Wote wawili mna haki, na ndiyo maana kazi hii inahitaji mtu na siyo fomula.

Mzazi ana haki yote juu ya mtoto wake. Akiniambia "wangu asiazime hiki wala hiki", niliandika kwenye daftari la kuazima, mstari wa mtoto wake, na nilifuata. Asichokuwa nacho ni haki ya kuwachagulia watoto 300 wa wenzake. Hapo ndipo mazungumzo huwa magumu, lakini ukilisema taratibu wengi hulielewa, kwa kuwa na yeye hataki mzazi mwingine amchagulie wa kwake.

Sasa uzito unapimwaje? Kuwepo kwa jambo peke yake hakunipi jibu. Kifo kimo hata katika hadithi za wanyama za watoto wa miaka 5. Nilikuwa najiuliza manne. Jambo linaonekana kwa ukaribu gani: mlango umefungwa tunasikia sauti tu, au tumesimamishwa ndani ya chumba? Nani anayetusimulia, mtoto anayeogopa au mtu anayefurahia? Linadumu kiasi gani, mistari sita au sura sita? Na likishapita, kuna mtu mzima mmoja kwenye kitabu anayejali? Hilo la mwisho nililipa uzito kuliko yote. Mtoto wa miaka 8 anaweza kustahimili mengi kwenye hadithi akiona kuna anayekuja. Akiachwa peke yake kwenye ukurasa, hofu anabaki nayo yeye.

Mwalimu, kwenye kitabu chako baada ya kipigo cha tisa nani anakuja?

---

FunguoZaMaktaba

Hakuna, Bibi. Kurasa kumi na nane nzima hakuna. Shangazi anatokea ukurasa wa 92.

---

BibiRafu

Basi umeshapata jibu lako. Kwa wa miaka 12 subira hiyo ya kurasa 18 ndiyo ufundi wenyewe. Wa miaka 8 alilala kabla shangazi hajafika.

---

Msahihishaji

Nimefanya kazi ya kusahihisha miswada ya vitabu vya watoto kwa muda, niongeze ya upande wetu wa jikoni ambayo wanunuzi wengi hawayaangalii.

Kwanza fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina. Watu wanaona mwaka mpya wanadhani kitabu ni kipya. Tofautisha toleo na chapa. Toleo jipya maana yake maandishi yameguswa. Chapa mpya maana yake mashine imewashwa tena, makosa yaleyale ya mwaka wa kwanza yamechapwa kwa wino mbichi. Ukiona "toleo la kwanza 1997, chapa ya sita 2019", hicho ni kitabu cha 1997. Kwa hadithi haidhuru. Kwa sayansi na jiografia umeuziwa mtumba kwenye karatasi mpya. Jicho jingine: vitabu vilivyopangwa herufi upya tangu 2007 vina ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ya tarakimu 13. Ukikuta iliyochapwa ndani ni ya tarakimu 10 pekee, kitabu kimepangwa kabla ya hapo.

Pili, kipindue uone mgongo. Kikunje katikati, kwa upole, usikiumize cha watu. Kilichoshonwa kwa uzi kinalala wazi. Kilichogandishwa kwa gundi tupu kinalia "krak", na mikono ya watoto ishirini ikikipitia kurasa zinaanza kuanguka moja moja. Vya pini katikati vinafaa vikiwa vyembamba. Ile sababu ya vitabu vingi vya picha kuwa na kurasa 32 ni ya kiwandani, karatasi kubwa ikikunjwa hutoa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16. Nasema hili kwa sababu nimeona hadithi ya kurasa 20 ikavutwa ijaze 32, na hadithi ya 50 ikakatwa ienee. Utaihisi ukisoma kwa sauti: katikati kunakuwa na kurasa tatu ambazo hakuna kinachotokea.

Tatu, tafsiri. Zipo nzuri sana. Lakini soma aya moja kwa sauti. Kama ulimi unajikwaa na sentensi imegeuzwa kichwa chini miguu juu, mtoto naye atajikwaa, halafu atadhani yeye ndiye hajui kusoma.

---

KobeMwendokasi

Krak. Leo nimekikunja kitabu cha mtoto wangu kujaribu, sasa tunacho juzuu ya kwanza na ya pili.

---

MwalimuWaChaki

Mimi nafundisha sayansi, nisukume upande wa vitabu vya maarifa maana naona uzi umejaa hadithi. Mwongozo wa maktaba za shule wa IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO wa mwaka 2002 ulipendekeza vitabu kumi kwa kila mwanafunzi, na angalau asilimia 60 viwe vya maarifa vinavyoendana na masomo. Kwenye maktaba nyingi nilizoingia, hizo asilimia 60 zipo, ila ni nakala 200 za kitabu cha kiada kilekile kilichopitwa na mtaala. Hiyo siyo maktaba, ni stoo.

Kwa vitabu vya maarifa umri na maudhui vinapimwa tofauti. Hatari kubwa kule ni uongo uliozeeka. Nina vipimo vyangu vya dakika moja. Kitabu cha anga: hesabu sayari. Zikiwa tisa, kimeandikwa kabla ya Agosti 2006, Pluto ilipoondolewa kwenye orodha. Atlasi: tafuta Sudan Kusini, ipo tangu Julai 2011. Tafuta Eswatini, jina hilo ni la 2018. Kitabu cha mwili wa binadamu cha watoto wa miaka 10 hadi 13: fungua sura ya balehe. Imo? Maneno ya viungo yametajwa kwa majina yake, au mchoro umepita haraka kiunoni kama anayekwepa deni? MzaziMkali, najua utasema. Lakini msichana anayekutana na hedhi ya kwanza bila kuwahi kusoma chochote, huyo tumemwonea sisi watu wazima.

Kabla ya kununua, palilia, yaani ondoa rafuni vilivyopitwa na wakati. Ukiacha cha sayari tisa kando ya kipya, mtoto atachukua cha zamani kwa kuwa ndicho kikubwa na kina picha nyingi.

---

MzaziMkali

Hilo la balehe sina ugomvi nalo. Nina mabinti wawili. Mama yao alinituma ninunue kitabu hichohicho, nikaulizia kwa sauti ya chini kama naulizia magendo.

---

MamaMapacha

Naomba niingize jambo ambalo halijaguswa. Mmoja wa mapacha wangu anatumia kiti cha magurudumu. Anasoma sana. Mwaka jana alinipangia vitabu vitano kitandani akaniambia, "Mama, angalia." Vyote vina mtoto wa kiti cha magurudumu. Katika viwili anapona mwishoni anakimbia. Katika viwili anakufa na wenzake wanajifunza upendo. Cha tano anakaa dirishani kuwatazama wenzake na kuwapa ushauri wa busara. Akaniuliza, "Hivi hakuna hata mmoja mtukutu?"

Kwa umri vilikuwa sahihi. Kwa maudhui hamna tusi wala damu. Mkaguzi yeyote angevipitisha.

---

BibiRafu

Mama Mapacha, mpe mkono wangu huyo mtoto. Ni mhakiki kuliko wengi wenye digrii.

Kuna mama msomi wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliyeandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni vioo, madirisha, na milango ya vioo ya kuteleza. Kuna kitabu unachojiona ndani yake, kuna kinachokuonyesha wengine, na kuna unachoingia kabisa. Watu hulinukuu hilo kila semina. Wanachosahau ni kwamba kioo kinaweza kuwa kimepinda. Mtoto wa shamba kila mara mjinga mpaka aende mjini, msichana mwerevu lazima awe na sura mbaya, yatima lazima awe mwema. Ukinunua vitabu 40, usikague kimoja kimoja tu. Vitandaze vyote sakafuni ufanye alivyofanya huyu mtoto. Nani anachekesha? Nani anakosea na kusamehewa? Nani anaonewa huruma tu? Upungufu huwezi kuuona ukiwa na kitabu kimoja mkononi.

Ranganathan, yule mwanahisabati wa India aliyegeuka mkutubi, aliandika sheria zake tano mwaka 1931, na mbili kati yake ni hizi: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Mimi ya pili niliigeuza kipimo cha kununulia. Kabla sijatia tiki nilijilazimisha kumtaja kwa jina, kimoyomoyo, mwanafunzi mmoja atakayekiazima. Nikikosa hata mmoja, tiki haipo, hata kama kimeshinda tuzo.

---

KurasaZaMwisho

Wakubwa wangu shikamooni. Mimi bado mwanafunzi, naomba niseme kuhusu vibonzo maana hakuna aliyevigusa na ndivyo tunavyogombania.

Vile vya Kijapani vya kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto, tafadhali msinunue juzuu ya kwanza tu mkahukumu. Ya kwanza inaweza kuwa ya shule na michezo, ukifika ya nane kuna mikono imekatwa. Halafu maneno kama "shonen" na "seinen" yanataja rika linalolengwa sokoni, yasichukuliwe kama cheti cha usalama. Shonen ni ya wavulana wanaokua, seinen ni ya wanaume wazima, lakini ndani ya kila moja kuna vya kila namna.

Na ombi: mkinunua mfululizo, nunueni wote. Maktaba yetu ina la 1, la 2, la 4 na la 5. Hilo la 3 mpaka leo sijui alikufaje yule kaka.

---

FunguoZaMaktaba

KurasaZaMwisho umenichoma, nimeangalia kwetu, tuna mfululizo mmoja umeanzia la 2.

Bibi, nikubali hoja zote, ila vitabu 40 na mimi mmoja mwenye vipindi. Navisomaje? Na mgongoni niandike nini?

---

BibiRafu

Vyote huwezi, na usijidanganye. Vya picha soma vyote, ni dakika kumi kila kimoja, na usome kwa sauti. Riwaya: kurasa tano za mwanzo, halafu ruka mpaka nusu, soma kuanzia hapo mpaka robo tatu, halafu sura ya mwisho. Hadithi za watoto huweka mzigo wake mzito hapo kati ya nusu na robo tatu. Anayeandika maelezo ya nyuma ya jalada anapaficha hapohapo asikuharibie utamu. Kitabu chako cha paka kina kurasa ngapi?

---

FunguoZaMaktaba

118.

---

BibiRafu

Umeona. Nusu ni 59, robo tatu ni 88. Ukurasa wa 74 umekaa katikati kabisa.

Lugha waachie watoto wapime. Mtoto anafungua ukurasa wowote wenye maandishi ya kutosha, anasoma, kila neno asilolijua anakunjua kidole. Vitano vikisimama kabla ukurasa haujaisha, kigumu kwa leo. Vikisimama viwili au vitatu, aende nacho. Asipokunjua hata kimoja, naye aende nacho, nani kasema kusoma lazima kuume? Na ukipata nakala za kutazamia, wape watoto sita wa rika tofauti na kikaratasi kila mmoja: pale utakapochoka, acha kikaratasi. Usiwaulize kama kitabu ni kizuri, watakujibu unachotaka kusikia kwa kuwa wewe ni mwalimu. Mimi nilipata kitabu kimoja cha tuzo kimerudi na vikaratasi vinne, vyote ukurasa wa 12.

Mgongoni usiandike umri wala ngazi. Chama cha wakutubi wa shule cha Marekani, AASL, kimeupinga wazi mtindo wa kubandika ngazi ya usomaji mgongoni, na nakubaliana nao: ni kumtangazia kila mtu kiwango cha mtoto aliyekishika. Kadi yako ya mistari miwili ikae kwako. Panga rafu kwa aina, na rafu za wakubwa ziwe tu upande wa pili wa chumba, mbali na mikeka ya wadogo. Miguu yao itapanga. Kabati la kufuli usilifikirie. Mtoto anayekihitaji zaidi kitabu cha ukurasa wa 74 ndiye ambaye hatathubutu kuja kuomba ufunguo.

Na kwa mzazi: andikeni ukurasa mmoja wa utaratibu wa kuchagua vitabu, mkuu wa shule asaini, sasa hivi, kabla hajaja mwingine. Mnachagua kwa vigezo gani, nani anasoma, malalamiko yanapelekwa wapi. Fomu ya malalamiko iwe na maswali machache: umekisoma chote? Ni ukurasa gani? Unataka tufanye nini? Kitabu kibaki rafuni mpaka kamati imalize kukisoma. Nusu ya waliochukua fomu yangu hawakuirudisha, na nusu iliyorudisha ilikuwa na hoja.

---

Msahihishaji

Niongeze la vitabu vya msaada, hamkuuliza lakini vinakuja. Maboksi ya bure si ya bure. Kila kitabu kinakula nafasi, muhuri, na muda wako. Kipitishe kwenye kadi ileile ya Bibi. Kisichostahili kununuliwa kwa pesa hakistahili kupangwa kwa huruma.

---

MzaziMkali

Mwalimu, kama hiyo kamati inahitaji mzazi mbishi wa kusoma kurasa za katikati, wa kwenu wapo wengi. Mimi nitaiomba shule ya wanangu. Msimamo wangu kuhusu matusi uko palepale.

---

FunguoZaMaktaba

Mrejesho baada ya wiki mbili, wakuu.

Kati ya 40 nimepitia 31. Kumi na kimoja nimevikata: vinne ni chapa mpya za vitabu vya zamani (sayari tisa kama kawaida), vitatu ni tafsiri zilizonishinda kusoma kwa sauti, viwili vina gundi tupu, viwili sikuweza kumtaja mwanafunzi hata mmoja. Nilivyovitandaza sakafuni nikagundua wahusika wote wanaochekesha ni wavulana. Wote. Nimeongeza vitatu nje ya orodha. Na juzuu ya kwanza ya ule mfululizo nimeagiza.

Yule mama nimemwita, nimemwonyesha kadi, mstari wa juu 8, mstari wa chini 12. Akaisoma akakaa kimya. Kisha akauliza kama anaweza kukiazima yeye mwenyewe, anataka kujua shangazi alifanya nini. Nimemwandika kwenye daftari, siku 14.

Nimebaki na kimoja nimekisoma mara mbili na kadi bado haina namba ya chini. Msimulizi ana miaka 10, lugha safi, hakuna kipigo, hakuna damu, hakuna kifo. Ila mtu mzima pekee anayejali kwenye kitabu kizima anadanganya tangu ukurasa wa kwanza, na mtoto hagundui mpaka kinaisha. Msomaji ndiye anayegundua. Bibi, hicho ni cha umri gani?

---

BibiRafu

Mwanangu hilo siwezi kulijibu kwa kusimuliwa. Nitumie jina lake pembeni, nikisome kwanza.